Mwangwi Ulioitwa Ushahidi

Jumapili tarehe 8 Septemba, 2002, gazeti la The New York Times lilichapisha katika ukurasa wa kwanza habari kwamba Iraki ilikuwa ikitafuta maelfu ya mabomba ya alumini kwa ajili ya kutengenezea silaha za nyuklia. Waliolipa gazeti habari hiyo walikuwa maofisa wa Serikali ya Marekani, nao hawakutajwa majina. Asubuhi ile ile Makamu wa Rais, Dick Cheney, alihojiwa katika televisheni, akaitaja habari ya gazeti hilo kuunga mkono madai yake. Serikali ilinong'ona, ikasikia mwangwi wake, ikauita ushahidi.

Wako wanaodhani kwamba wahariri wale waliamrishwa. Hapana, amri haikuhitajika. Mwandishi wa Washington huishi kwa habari anazopewa na wakubwa, na akiwaudhi hunyimwa. Mhariri naye huchelea zaidi kubaki peke yake kuliko kukosea pamoja na wenzake, kwani anayekosea katika kundi haulizwi. Basi kila mmoja humtazama jirani yake, na kimya cha wote huhesabiwa kuwa ni makubaliano ya taifa zima.

Na ukweli haukuwa umefichwa chini ya ardhi. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani yenyewe walishikilia kwamba mabomba yale yalifaa zaidi kwa roketi za kawaida. Waandishi wa shirika la Knight Ridder, Jonathan Landay na Warren Strobel, waliwasikiliza maofisa wa ngazi za chini, wakaandika mashaka yao. Lakini shirika hilo halikuwa na gazeti Washington wala New York. Wakubwa hawakulisoma, hata baadhi ya magazeti yake yenyewe hayakuzichapisha habari hizo.

Colin Powell alipohutubia Baraza la Usalama tarehe 5 Februari, 2003, tahariri ya The Washington Post ilitangaza kesho yake kwamba hoja zake hazikanushiki. Vita vikaanza Machi. Silaha hazikuonekana.

Tarehe 26 Mei, 2004, The New York Times lilikiri kwamba baadhi ya habari zake hazikuchunguzwa vya kutosha. Madai yalikuwa yamewekwa ukurasa wa kwanza. Ungamo likawekwa ukurasa wa kumi.