Mama Watoto, Hiyo Laini ni ya Nani?

Jumamosi asubuhi, feri ya Likoni. Bwana na bibi wanavuka na umati, kikapu mkononi, orodha kichwani. Kwanza mjini, halafu Kongowea, halafu Changamwe kumjulia hali dada mtu, na jioni warudi kula vibandani karibu na feri. Kuvuka kwa miguu ni bure, kwa hivyo shilingi ya kwanza ya siku inatoka kwenye matatu.

Hawa wawili si watu fulani. Tumewaunganisha kutoka kwa wateja wengi tunaokaa nao Likoni, Kisauni na Changamwe tukizungumza mambo ya pesa kwenye simu. Lakini siku yao utaitambua. Huenda ni yako.

Bibi huuza viazi karai na bhajia karibu na nyumbani kila jioni. Kwa hivyo simu ya malipo anaishika yeye. Analipa nauli. Ananunua tokeni za umeme wakiwa bado kwenye foleni ya matatu. Kongowea ananunua nusu gunia la viazi, ndimu, ukwaju, unga wa dengu na pilipili, na kila mahali yeye ndiye anayebonyeza PIN. Bwana kazi yake kubeba.

Muuza viazi anaangalia meseji iliyoingia, anainua macho.

"Mama, pesa imeingia, lakini hapa jina ni la mwanamume."

"Ni la mume wangu huyo. Laini ni yake."

"Haya basi, sawa."

Hakuna aliyeshangaa. Hata sisi, kusema kweli, tungepita tu. Jambo hili limekuwa la kawaida kiasi kwamba halionekani.

Jioni wanafika vibandani. Mishkaki, kachori, mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, juisi ya ukwaju. Bibi anaonja viazi karai vya mwenzake kwa jicho la kazi: "Wametia bizari nyingi, lakini unga umeshika vizuri." Wanacheka. Anaingiza mkono kwenye mkoba ili alipe. Simu haipo.

Wanapiga. Imezimwa.

Jumatatu bwana anafika dukani na kitambulisho chake, laini inarudishwa, pesa zipo. Alhamdulillahi. Hadithi nyingi huishia hapo, na watu husema mambo yalikwenda vizuri. Sisi twataka kuanzia hapo, kwa sababu tunaamini mambo hayakwenda vizuri. Yalikwenda kwa bahati. Bahati yenyewe ni kwamba bwana alikuwa karibu.

Fikiria angekuwa Doha au Jeddah kwa mkataba wa miaka 2, kama walivyo vijana wengi wa pwani. Fikiria angekuwa baharini. Bibi angepiga simu kuomba laini ifungwe, angeulizwa maswali ya mwenye laini. Angekwenda dukani kuirudisha, angeambiwa mwenye kitambulisho aje mwenyewe. Ni laini aliyoitumia yeye kila siku, yenye mtaji wake na nambari za wateja wake, lakini mbele ya kaunta yeye ni mtu baki.

Na mwenye kaunta hakosei. Kanuni za Kenya za usajili wa laini zinataka kila laini iwe na mtu anayejulikana. Kwenye vitabu vya mtandao, mwenye laini ni yule aliyeandikishwa. Anayeishika mkononi hatambuliki.

Wengi walianza hivyo bila ubaya wowote. M-Pesa ilipoingia nchini Machi 2007, wengi walichukua laini kwa kitambulisho kilichokuwa karibu. Mwingine cha kwake kilikuwa kimepotea. Mwingine aliolewa kabla hajachukua kitambulisho. Wako pia waliozaliwa hapa hapa pwani wakakaa miaka bila kitambulisho kabisa. Jamii ya Wapemba, kwa mfano, ilitambuliwa rasmi kuwa raia wa Kenya mwaka 2023. Kwa watu hao kuazima jina la mwingine haikuwa uzembe. Haikuwapo njia nyingine. Ila njia ya muda imegeuka makazi ya kudumu, na sasa ina gharama tatu ambazo watu hawazihesabu.

Ya kwanza ni hiyo ya simu kupotea. Tumeshaiona.

Ya pili ni mkopo. Tangu M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, na Fuliza ikafuata Januari 2019, simu imekuwa pia kitabu cha kumbukumbu. Unavyopokea, unavyoweka, unavyolipa, yote yanaandikwa, na kiwango unachoweza kukopa hutokana na hayo. Sasa bibi wa viazi karai amepokea malipo ya sahani moja moja kwa miaka 8. Nidhamu yote hiyo imejenga jina la nani? La bwana. Siku bibi atakayotaka mkopo wa jiko kubwa la gesi kwa jina lake, ataonekana kama mtu aliyeanza biashara jana. Na bwana akishindwa kulipa deni lake mahali pengine, jina linaloharibika ndilo hilo hilo ambalo bibi analitegemea.

Ya tatu watu hawapendi kuizungumza, nasi tutaisema kwa adabu. Mwenye jina akifariki, pesa zilizo kwenye laini yake zinahesabiwa kuwa mali yake, na kuzipata hufuata taratibu za mirathi. Katika mirathi ya Kiislamu mke mwenye watoto hupata thumni, yaani fungu moja kwa nane. Tuseme kwenye laini kulikuwa na 24,000, pesa ya viazi na mafuta, yote jasho la bibi. Asipoweza kuthibitisha kwamba ulikuwa mtaji wake, kinachomrudia ni 3,000. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Jina tu ndilo lililosema pesa ni za marehemu.

Tukiyasema haya kwenye vikao, kuna baba husimama. "Nyinyi mwataka kututenganisha na wake zetu? Sisi ni kitu kimoja."

Twamwelewa, wala hatutaki ugomvi nyumbani kwa mtu. Lakini wazee wetu wa pwani walijua kutofautisha. Mahari hupewa mke, ni haki yake. Mali ya mke ni yake hata akiwa ndani ya ndoa, na mume akiitumia hutumia kwa ridhaa yake. Kumwandikia mke laini yake ni kuendeleza mila ile ile kwa chombo kipya. Mume anayempenda mkewe atafurahi kujua kwamba hata yeye akiwa mbali, watoto hawatalala njaa kwa sababu ya kitambulisho.

Na sisi watoa huduma tunabeba lawama yetu. Kwa miaka tumesema "usimpe mtu PIN yako", tukanyamaza. Hatukuuliza: laini yenyewe ni ya nani? PIN ya siri kwenye laini isiyo yako ni kama kufuli jipya kwenye nyumba ya mtu.

Basi fanyeni hivi, tena fanyeni pamoja.

Kwanza, mwombe mtu akutumie shilingi chache, muangalie jina linalotokea kwenye simu yake. Kama si lako, mmeshapata jibu.

Pili, kama nambari ina wateja wengi na hutaki kuipoteza, ulizeni mtandao wenu kuhusu kuhamisha umiliki. Kwa kawaida mwenye laini na anayeichukua hutakiwa kufika wote wawili na vitambulisho vyao asili. Lipeni kwanza deni lolote lililo kwenye laini, na toeni salio kabla ya kwenda.

Tatu, kama kuhamisha kunaleta usumbufu, chukua laini mpya kwa kitambulisho chako, uanze kuwapa wateja nambari hiyo polepole. Ya zamani ibaki ya salamu.

Nne, biashara iwe na akaunti yake ya malipo, mbali na pesa ya nyumbani. Hapo utajua kama viazi vinakulipa au wewe ndiye unayevilipa.

Tano, PIN mpya iwe ya mwenye laini peke yake. Mipango ya pesa mwambiane yote, mezani, kila jioni mkitaka. Mwenzako akijua una kiasi gani na kinakwenda wapi, umeshamwamini vya kutosha.

Jumamosi ijayo mtavuka tena. Orodha itakuwa ile ile: tokeni, Kongowea, dada wa Changamwe, mishkaki jioni. Ongezeni kituo kimoja tu kabla hamjafika sokoni, kwenye duka la mtandao wenu, vitambulisho viwili mkononi. Ili siku muuza viazi atakapoinua macho kutoka kwenye simu yake, aseme tu, "Imeingia, mama. Asante," kwa jina lako.