TAHARIRI: Masafa ni amana, tusiyaendee mikono mitupu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, katika vikao vyetu vya baada ya sala ya Isha hapa Misugusugu, kuna swali moja linalorudi kila mara: lini na sisi tutakuwa na redio yetu? Wazee huliuliza kwa unyonge, vijana huliuliza kwa hamasa, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye manung'uniko kwamba wenzetu wanazo na sisi hatuna. Tumeona katika toleo hili tulizungumze suala hilo kwa upana wake, kwa sababu redio ya kidijitali inabadilisha kanuni za mashindano yenyewe, na anayeingia mashindanoni bila ya kuzijua kanuni zake huwa ameshindwa kabla hajaanza.

Tuitazame kwanza hali ilivyo. Misugusugu ipo kando ya barabara ya Morogoro, baina ya Kibaha mjini na Mlandizi. Mkazi wa hapa akifungua redio hakosi cha kusikiliza, kwani mawimbi ya Dar es Salaam yanamfikia kwa wingi. Atasikia habari za foleni ya Ubungo, bei za Kariakoo na matokeo ya ligi ya Uingereza. Lakini akisikiliza kutwa nzima hatasikia kwamba zahanati yake imepokea chanjo, kwamba kuna mtoto amepotea mtaa wa pili, wala kwamba kesho kuna mkutano wa kujadili mpaka wa mashamba uliowagombanisha majirani. Ndugu zetu wa vijiji vya Kisarawe nao hali yao ni hiyo hiyo. Redio tunazo nyingi, ila hakuna inayotuzungumzia.

Hali hii ina historia yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 utangazaji Tanzania Bara ulikuwa mikononi mwa serikali peke yake kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, na mwaka uliofuata Radio One ikawa hewani. Taasisi za dini nazo hazikuchelewa. Radio Maria Tanzania, ya ndugu zetu Wakatoliki, ilianza mwaka 1996 na ikaenea mikoani. Waislamu tulijikokota, kisha Allah akajaalia tukapata vituo kama Radio Kheri ya Dar es Salaam na Radio Imaan ya Morogoro. Tunayataja haya si kwa ajili ya kulalamika. Tunataka ifahamike kwamba mlango ulikuwa wazi kisheria kwa wote, na tofauti kubwa ilitokana na nani alikuwa amejiandaa siku ulipofunguliwa.

Hivi leo msimamizi wa jambo hili ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya Tume ya Utangazaji na Tume ya Mawasiliano. Tangu mwaka 2005 Mamlaka imetumia mfumo wa leseni unaotenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya. Lipo la kumiliki miundombinu, kama mnara na mitambo, na lipo la kutoa maudhui, yaani vipindi vyenyewe. Leseni hizo zina ngazi zake pia: taifa, mkoa na wilaya. Mfumo huo ukathibitishwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kwa hiyo jamii ya Kibaha haihitaji kuota redio ya taifa zima, kwani ngazi ya wilaya ipo kisheria na ndiyo inayolingana na uwezo wetu na haja yetu. Tena maombi ya leseni hutangazwa hadharani ili mwananchi mwenye maoni ayatoe. Maana yake ni kwamba jirani yako anaweza kuwa shahidi wako au mpinzani wako.

Sasa tuje kwenye udijitali. Redio ya FM tuliyoizoea hutumia masafa kuanzia megahezi 87.5 hadi 108. Hapo ndipo vituo vyote hubanana, na vinavyorusha katika eneo moja lazima viachiane nafasi ili visiingiliane. Kibaha imepakana na jiji lenye vituo tele, na kwa hali hiyo kupata nafasi safi ni kama kutafuta kiwanja Kariakoo. Redio ya kidijitali inakwenda kwa njia nyingine. Mtambo mmoja wa pamoja, ambao mafundi huuita maltipleksi, hubeba vituo vingi kwa mkupuo katika kipande kimoja cha masafa chenye upana wa megahezi moja na nusu hivi. Kwa mfumo wa DAB+, uliotangazwa mwaka 2007, kipande hicho kimoja huweza kubeba vituo zaidi ya kumi. Badala ya kila kituo kusimamisha mnara wake, vituo hivyo vinachangia mmoja.

Huko Uingereza jambo hili limeshushwa mpaka ngazi ya miji midogo. Baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2015 katika miji kumi, bunge lao lilipitisha utaratibu mwaka 2019, na kuanzia mwaka 2020 mamlaka yao ya mawasiliano, Ofcom, ikaanza kuita waombaji wa leseni za mitambo midogo ya kidijitali, awamu kwa awamu. Wanaoomba eneo moja hushindanishwa. Huangaliwa mtambo utawafikia watu kiasi gani, kama mwombaji ana uwezo wa kweli wa kuusimamisha, kama wamo ndani yake watu wenye redio ya jamii ya eneo hilo, na kama vituo vyenyewe vimeonyesha kuutaka. Isitoshe, sehemu ya nafasi katika mtambo hutengwa kwa ajili ya redio za jamii. Waislamu wa nchi ile kwa miaka mingi waliomba leseni za muda mfupi za siku 28 ili watangaze mwezi wa Ramadhani. Mwaka hadi mwaka walijifunza kuendesha studio, kutunza hesabu na kupanga vipindi, na baadhi yao wakavuka wakawa na redio za kudumu. Leseni ile ya siku 28 iliwafaa kama darasa.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusidanganywe na neno udijitali tukadhani ni nafuu tupu. Yapo mambo mawili ya kuyatahadhari.

La kwanza ni nani anashika mtambo. Tunao mfano wetu wenyewe katika televisheni. Mwaka 2010 makampuni matatu, Agape Associates, Basic Transmission na Star Media, yalipewa leseni za kubeba matangazo ya kidijitali, na tarehe 31 Desemba 2012 uzimaji wa mitambo ya analojia ulianzia Dar es Salaam. Tangu siku hiyo mwenye kituo hakuwa tena mwenye mnara, bali mpangaji anayelipa kodi. Mwezi Agosti 2018 watazamaji wengi waliamka wakakuta chaneli za ndani hazimo katika ving'amuzi vya baadhi ya makampuni ya kulipia, kwa sababu leseni za makampuni hayo hazikuruhusu kuzibeba. Vituo havikuwa vimekosea, lakini vilitoweka katika nyumba zile. Basi mlango wa redio ya kidijitali ukifunguliwa wilayani kwetu, swali letu lisiwe tu ni nani atapata kituo. Tuulize pia ni nani atashika mtambo, kwa bei gani, na nafasi ngapi zitatengwa kwa jamii.

La pili ni msikilizaji mwenyewe. DAB haisikiki kwa redio ya kawaida, inahitaji chombo kipya. Norway ilizima FM kwa vituo vyake vya taifa mwaka 2017 ikaviacha vingi vya mitaani viendelee. Uswisi, shirika la umma la utangazaji lilizima FM mwishoni mwa mwaka 2024 na likapoteza wasikilizaji wengi. Hizo ni nchi tajiri. Mama anayeuza maandazi kando ya barabara hapa Misugusugu anasikiliza kwa redio ndogo ya betri, na kijana wa bodaboda anasikiliza kwa simu yake. Atakayewaambia wanunue chombo kingine ili wasikie darsa atakuwa anazungumza na ukuta. Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba FM ya wilaya ibaki kuwa lengo la karibu, na udijitali uwe elimu tunayoitafuta tangu sasa, wala tusiachane na kimoja kwa ajili ya kingine.

Tukishayafahamu hayo, tujitazame. Ukikusanya mawazo ya redio yanayozungumzwa misikitini kwetu utakuta kila kundi lina lake. Huyu anataka redio ya mashekhe wake, yule anataka redio ya kuwajibu hao, na wa tatu ameshachapisha risiti za michango kabla hajamwona fundi. Tukienda TCRA na maombi matatu ya watu wa qibla kimoja, kila ombi likiwa na robo ya mtaji, robo ya utaalamu na hakuna hata moja lenye hesabu zilizokaguliwa, je, tutakuwa na haki ya kumlaumu nani? Tuwatazame wenzetu wa Radio Maria. Wanaishi kwa michango ya wasikilizaji na kazi za watu wa kujitolea, wala hawategemei matangazo ya biashara. Kujifunza nidhamu hiyo si aibu. Mtume (s.a.w.) alipopewa shauri la handaki na Salman al-Farisi hakulikataa kwa kuwa lilitoka kwa Waajemi. Alilitazama likamfaa, akachukua sururu akachimba pamoja na maswahaba zake.

Ipo pia amana ya ulimi. Neno letu idhaa limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kueneza jambo likajulikana kwa watu. Kitenzi cha asili hiyo hiyo kimekuja katika Surat an-Nisaa, aya ya 83, katika kuwalaumu wale wanaopokea habari ya amani au ya khofu wakaieneza papo hapo, badala ya kuirejesha kwanza kwa wenye kuijua. Hilo latosha kuwa kanuni ya chumba cha habari. Mwezi Februari 2013 Kamati ya Maudhui ya TCRA ilivifungia vituo viwili kwa miezi sita. Radio Imaan ilifungiwa kwa tuhuma za kuhamasisha watu wasishiriki sensa ya mwaka 2012, na Kwa Neema FM ya Mwanza, ambayo ni ya Wakristo, ilifungiwa kwa matangazo yaliyohusu mzozo wa nani achinje. Hatuingii hapa kuhukumu uamuzi ule. Tunachosema ni kwamba kipindi cha saa moja kinaweza kunyamazisha kazi ya miaka, na waliochangia mia mia zao ndio wanaobaki kimya kwa miezi sita.

Kwa msingi huo tunashauri mambo manne, na yote yaweza kuanza bila ya kusubiri tangazo la mtu.

Kwanza, iundwe kamati moja ya redio kwa eneo lote la Kibaha, na ndugu wa Kisarawe waunde yao. Ndani yake wawemo watu wa misikiti yote bila ya kuulizana mashekhe, na wawemo mhasibu, mwanasheria na fundi wa umeme. Pili, wachaguliwe vijana wawili au watatu, wa kiume na wa kike, wasomeshwe ufundi wa mitambo na uandishi wa habari kwa fedha zetu. Tunao mahafidhi wengi, wala hatujui hata mmoja miongoni mwao awezaye kutengeneza kikuza sauti cha msikiti kikiharibika. Tatu, tuanze kuzalisha vipindi sasa: tuwarekodi wakunga, wakulima wa korosho, walimu na wazee wanaojua historia ya vijiji hivi, kisha tupeleke kazi hizo katika vituo vilivyopo. Siku ya kushindana tutakuwa na cha kuonyesha. Nne, tuzungumze na majirani zetu wasiokuwa Waislamu. Leseni ya wilaya ni ya wilaya, na masafa ni mali ya umma. Mkristo wa Misugusugu naye ana mtoto anayehitaji chanjo na shamba linalohitaji habari za mvua. Redio itakayomhudumia ndiyo atakayoitetea maoni yatakapoitishwa, na hiyo ni daawa iliyo bora kuliko kumpigia kelele.

Ndugu Waislamu, TCRA haipimi ucha Mungu wa mwombaji, wala haiwezi. Itapima mtaji, ufundi, mpango wa vipindi na haja ya watu. Ikhlasi yetu Allah anaijua. Sehemu iliyobaki ni kazi, na kazi hiyo bado hatujaianza. Tusiwaachie watoto wetu wa madrasa swali lile lile tulilolirithi baada ya sala ya Isha.

Wabillahi tawfiq.