Kugeuza Si Kupotosha

Wako watu wasemao kwamba aljebra ni mchezo wa herufi tu. Hudai kwamba kuugeuza mlinganyo kutoka sura hii hata sura ile ni kupoteza wakati, maana mwisho wake ni kusema lile lile lililosemwa mwanzo. Hata darasani nimeulizwa: "Mwalimu, kwa nini tusipewe kanuni tukaikariri, yakaisha?" Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini ni sumu kwa elimu, nami sina budi kuyapinga.

Tuanze na jambo dogo. Mlinganyo x² + 6x + 5 = 0 ukitazamwa hivi hivi hautoboi siri yake. Ugeuze uwe (x + 3)² = 4, na papo hapo utaona kwamba x ni -1 au -5. Hatukutia neno geni, lililofichika limejitokeza.

Sasa tutazame jambo kubwa. Mwaka 1928 Paul Dirac, mtaalamu wa Uingereza, aliandika mlinganyo wa elektroni uliounganisha fizikia ya kwanta na nadharia ya Einstein ya uhusiano. Kazi hiyo ilikuwa ya ajabu, ila ilikuja na mafumbo mawili. La kwanza, ilitoa majibu ya nishati chanya na ya nishati hasi pamoja. La pili, ukiuuliza mlinganyo huo kasi ya elektroni wakati wowote, hujibu daima: kasi ya nuru, yaani karibu kilometa 300,000 kwa sekunde! Nasi twajua kwamba kitu chenye uzito hakiwezi kuifikia kasi hiyo. Mwaka 1930 Erwin Schrödinger alionyesha kwamba, kwa mlinganyo huo, elektroni ni kama itetemekayo upesi mno huku ikiendelea na safari yake.

Je, mlinganyo ulikuwa wa uongo? La hasha! Mwaka 1950 Leslie Foldy na Siegfried Wouthuysen waliugeuza. Hawakuubadili ukweli wake, bali namna ya kuuandika. Walifanya kama mama aliyepewa gunia la mahindi na maharagwe yaliyochanganyika: huyachambua, mahindi huku na maharagwe kule, wala hatupi hata punje moja. Nishati chanya ikakaa upande wake, na hasi upande wake. Hapo pakaonekana mahali pa wastani pa elektroni, na kasi ya mahali hapo ni ile tuitarajiayo, pungufu ya kasi ya nuru. Ule mtetemo ulitokana na kule kuchanganyika kwa pande mbili.

Mpinzani atasema: "Upande hasi ungetupwa tangu mwanzo." Hiyo ndiyo tabia ya mwanafunzi afutaye jibu hasi kwa kuwa halimpendezi. Dirac hakulifuta. Mwaka 1931 alitabiri chembe yenye uzito sawa na wa elektroni lakini yenye chaji chanya, na mwaka 1932 Carl Anderson akaigundua huko Marekani. Maharagwe nayo ni chakula!

Atasema tena: "Mgeuzo huo si kamili." Hapa ana haki kidogo. Elektroni iliyo huru huchambuliwa barabara kwa mara moja. Bali iliyomo katika nguvu za umeme, kama ile ya ndani ya atomi, huchambuliwa hatua kwa hatua, na kila hatua mabaki hupungua. Lakini hatua chache tu zatosha kutuonyesha asili ya zile tofauti ndogo za mistari ya nuru ya hidrojeni ambazo hupimwa maabarani. Mchezo mtupu wa herufi ungewezaje kupatana na vipimo?

Basi, enyi vijana, msidanganyike. Akaririye kanuni anaijua katika vazi moja tu. Ikimjia katika vazi jingine, huipita kama mgeni asiyemfahamu. Ajuaye kuigeuza anaijua yenyewe. Mnapopewa zoezi la kugeuza mlinganyo, msinung'unike wala msinakili kazi ya jirani. Mnafundishwa kazi ile ile iliyotoa nuru katika fumbo lililokaa zaidi ya miaka ishirini mbele ya wataalamu, na hakuna yeyote awezaye kuwafanyia kazi hiyo.