Ufundi pekee hausimamishi karakana

Mwaka jana nilimwagizia seremala mmoja mtaani kwetu kabati la vitabu. Nilimpa arubuni, naye akaniahidi kulikamilisha katika muda wa majuma mawili. Majuma hayo yakawa miezi mitatu. Kila nilipompitia aliniambia, "Njoo kesho, mwalimu," hata nikaanza kuamini, kama waaminivyo Wakenya wengi, kwamba fundi na uongo ni chanda na pete.

Siku moja niliketi kwenye benchi lake nikamtaka anieleze ukweli. Fedha zangu zilikuwa zimenunua mbao za kitanda cha mteja aliyenitangulia. Arubuni ya mteja huyo nayo ilikuwa imemalizia meza ya mwingine, ambaye aliichukua meza yake, akalipa nusu ya salio na kutokomea. Kumbe kabati langu lilikuwa likimngoja mteja wa nne! Kijana yule hakuwa mwongo wala mvivu. Alikuwa fundi hodari aliyeacha kazi ya kuajiriwa akafungua karakana yake bila mtaji wa akiba, bila daftari, na bila hati yoyote ya kumwezesha kumdai aliyemdhulumu.

Vijana wetu huhimizwa kila uchao wajiajiri. Himizo hilo ni jema, lakini limejengwa juu ya dhana potofu kwamba ajuaye kuranda mbao amekwisha kujua biashara ya mbao. Je, dhana hiyo ilitoka wapi?

Kwa maoni yangu, sehemu ya kosa imo katika majina tuliyowapa watu hawa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ndiyo iliyoeneza istilahi ya "sekta isiyo rasmi". Waraka wa serikali wa mwaka 1992 ukatumia "jua kali". Sheria ya mwaka 2012 ikazungumzia biashara ndogo na ndogo zaidi. Jina la kwanza lamtaja fundi kwa kile alichokosa, la pili kwa hali ya anga, la tatu kwa udogo wake. Hakuna hata moja limtajalo kwa ujuzi wake. Si ajabu basi kwamba aliyeitwa kwa jua alijengewa kibanda cha kumkinga na jua, huku mahitaji yake mengine yakisahaulika.

Ilhali Kiswahili kina neno lake la tangu jadi. Fundi ni ndugu wa funda, fundisha, funzo na mwanafunzi. Ni mtu mwenye elimu, na mwenye elimu huhitaji vitu vitatu: elimu yake itambuliwe, kazi yake ilindwe kwa maandishi, na apewe mtaji unaolingana na mwendo wa kazi yake.

Kuhusu utambuzi, njia ipo. Aliyejifunzia kazi kando ya barabara anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Kuhusu mtaji, tangu mwaka 2017 sheria inaruhusu mali inayohamishika, mathalani mashine ya kukatia mbao au ya kuchomelea vyuma, iwekwe rehani ya mkopo. Lakini ni mafundi wangapi waliokwisha kuelezwa hayo kwa lugha waielewayo? Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo sheria zenyewe huandikwa kwa Kiingereza, na mikataba mingi ya kibiashara vivyo hivyo. Haki isiyosomeka na mwenyewe ni kama taa iliyofunikwa pishi.

Mikopo nayo haina budi kufuata mwendo wa kazi. Hazina ya Hasla ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi ulipaswa kurejeshwa katika siku 14. Muda huo wamfaa mwuza mboga anayeuza na kununua kila siku. Seremala hununua mbao leo, akaunda kwa majuma kadhaa, kisha akangojea mshahara wa mteja mwisho wa mwezi.

Nawe kijana unayekusudia kumwaga mwajiri wako, usitegemee randa na msumeno pekee. Katika kila bei uhesabu ujira wako mwenyewe, kodi ya karakana na umeme, si mbao na misumari tu. Arubuni ya mteja ni amana ya kazi yake. Usiitumie kumalizia kazi ya mwenzake. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasi wateja tusijitoe lawamani. Anayechukua meza na kuacha deni ndiye anayemfanya fundi kuwa mwongo mbele ya mteja wa pili.

Kabati langu hatimaye lilikuja, na milango yake yafungika sawasawa. Mwezi uliopita nilirudi kwa kijana yule kuagiza meza. Safari hii tuliandikiana karatasi moja, kwa Kiswahili: vipimo, aina ya mbao, bei, arubuni, siku ya kuchukua, na siku ya kulipa salio. Tulitia sahihi sote wawili. Meza ilikuwa tayari siku ileile tuliyoandika, nami nililipa siku hiyohiyo.