Safari ya Babu Iliyobaki

Wasomaji wangu wa pwani mniwie radhi, leo nawapandisha Nyeri, mahali penye baridi ya kumfanya mtu wa Mvita avae makoti mawili na bado aulizie la tatu. Lakini Majengo ya Nyeri si ugenini kwetu. Ngome ya Waingereza iliwekwa pale mwaka 1902, na nyuma ya kila ngome ya namna hiyo walibaki askari, wapagazi na wachuuzi, Waislamu wengi wao, wakajenga. Hata leo ukiingia mtaani saa ya Magharibi utaitikiwa salamu kwa Kiswahili kabla hujauliza njia.

Mwaka 2003 nilialikwa arusi pale. Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa miaka 78, askari wa keya wa zamani. Nishani yake, ile Nyota ya Burma, haikuwa kifuani wala ukutani. Ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, imezungushiwa hati yake ya kuachishwa jeshi. Wanawe walikuwa wakichanga fedha za kumpeleka Umra: yeye, mwanawe mkubwa, mkaza mwanawe, na mjukuu wa kike wa miaka 12. Vizazi vitatu katika ndege moja. Jambo la kheri, na baraza nzima ikawaombea dua.

Mzee naye alishukuru, kisha akasema, "Nitakwenda, inshallah. Na ikibaki senti, nipelekeni na Kalewa."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, na ndiyo sababu naandika haya.

Kalewa ni mji mdogo kando ya mto Chindwin, nchi ya Burma, ambayo siku hizi ni Myanmar. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru begani, ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika, ikiwafukuza Wajapani. Barabara iligeuka mto wa tope. Malaria na homa nyingine za msituni ziliangusha watu kama risasi zilivyowaangusha, na chakula kilitupwa kutoka angani kwa miavuli, kikianguka huku na kule. Waliingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Baada ya siku chache mainjinia walitandaza juu ya Chindwin daraja la chuma la futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake siku hizo.

Mzee hakunisimulia habari za daraja. Alinisimulia habari za kijana wa upande wa Vanga, waliyelala naye hema moja. Alikufa njiani, kabla ya Kalewa. Wakamsalia watu watatu, tope magotini, na sanda yake ikawa blanketi la jeshi. Wakachomeka kijiti, na asubuhi amri ikatolewa ya kusonga mbele. "Nilimwambia nitarudi," alisema mzee, kisha akaniuliza kama nataka chai zaidi.

Sasa, mtu akitoka mtaani humo akafika Mathari, nje kidogo ya mji, atalikuta kanisa la makumbusho la Wataliani. Ndani yake amelala Amedeo, mtawala wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia katika nchi ya Habeshi. Alisalimu amri Amba Alagi mwaka 1941, akafa mfungwa Nairobi tarehe 3 Machi 1942, na pamoja naye wamewekwa askari wake 676. Kila Novemba hufanyiwa ibada ya ukumbusho, na wageni huvuka bahari kutoka Italia kuja kuyasoma majina yale. Siwalaumu, bali nawasifu. Lakini hebu tazama mambo yalivyokaa: aliyeshindwa vita vile ana wageni Nyeri, na askari wa keya, waliokuwa katika majeshi yaliyomshinda, hakuna aliyewahi kuwauliza wangependa kumzuru nani.

Juni 2024, ilipotimia miaka 80 tangu majeshi kuteremka Normandy, Ufaransa, tuliwaona wazee wa Kizungu katika viti vya magurudumu wakizungushwa makaburini, watoto na wajukuu kando yao. Huko kuna vyama vya kugharamia safari kama hizo. Wazee wetu walipewa nini? Mwaka 2019 zilitangazwa hati za Waingereza zilizoonyesha kwamba malipo ya kuachishwa jeshi yalipimwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipata hata mara tatu ya Mwafrika wa cheo hichohicho. Deni hilo ni la Waingereza, na lidaiwe. Lakini deni la kumsikiliza babu yako si la Mwingereza. Hilo ni letu.

Najua atainuka mtu kunikumbusha ile hadithi ya kwamba safari haifungwi ila kwa misikiti mitatu. Mimi si mufti. Masheikh wetu wamehitilafiana juu ya maana yake, na wako wasemao kuwa inahusu misikiti tu, haihusu makaburi. Wasilohitilafiana ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliruhusu kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha Akhera. Anayeona uzito wa kufunga safari basi amkalishe mzee, amwandike. Kalamu haihitaji viza.

Mzee alikwenda Umra mwaka 2004. Mwanawe alinihadithia kwamba mbele ya Al-Kaaba alilitaja jina la yule kijana katika dua, mara nyingi, hata mjukuu akamshika kanzu akamuuliza, "Babu, huyo ni nani?" Akamjibu, "Nitakwambia nyumbani." Nyumbani kulikuwa na wageni wa kupokea maji ya zamzam na tende, kisha maradhi, kisha mambo ya dunia. Mwaka 2006 mzee akafariki, Mungu amrehemu.

Yule mtoto leo ni mama wa watoto wawili. Ndiye mwenye lile kopo la chai. Na ndiye, katika ukoo mzima, aliyegundua tulilolipoteza. Kaskazini ya Yangon, mahali paitwapo Taukkyan, yako makaburi ya vita, na katikati yake nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya waliokufa Burma wasijulikane walipozikwa, askari wa keya wakiwamo. Alitaka ampeleke babake, ambaye naye amepita sabini, wakasome jina lile, safari ile ya babu iishe. Vita vilivyoshika Myanmar tangu mapinduzi ya mwaka 2021 vimewazuia. Lakini kizuizi kikubwa si hicho. Daftari la majina liko, mtu aweza kulipekua akiwa Nyeri. Kizuizi ni kwamba alibakiwa na jina moja tu, la kwanza, ambalo kila mtaa wa pwani una watu ishirini wanaoitwa hilo. La baba hajui. Hakuna aliyemuuliza babu.

Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 leo anakaribia mia. Kama yuko mmoja nyumbani kwenu, Lamu, Meru au Tanga, msingoje nauli.

Aliniomba niulizie Vanga. Nikaenda, nikaketi barazani baada ya Alasiri, nikalitaja lile jina. Mzee mmoja akanitazama. "Mwana wa nani?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba babake alikuwa na ndugu aliyechukuliwa keya, akapanda meli Kilindini asirudi. Jina silo hilo; au pengine hilo ndilo alilojiandikisha nalo jeshini, nani ajuaye. Akamwita mjukuu wake alete kalamu, tuyaandike yote mawili.