Gundi Kwenye Kipimo cha Mvua

Huenda nyumbani kwako au shuleni kijijini kuna kipimo cha mvua cha plastiki, ile inayoonyesha ndani kama kioo. Kila siku saa 3 asubuhi unatazama maji yamefika namba gani. Unaandika, kisha unayamwaga. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba ya shamba. Ukisoma 12 badala ya 22, utadhani udongo haujalowa vya kutosha. Utachelewa kupanda.

Kipimo kikipata ufa, watu hukiziba kwa gundi. Si vibaya. Taabu ni gundi iliyotiririka na kukauka juu ya namba.

Hapo wengi hukimbilia petroli, thina ya rangi, au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Usifanye hivyo! Gundi inaweza kutoka, lakini plastiki nayo huyeyuka, au huwa nyeupe kama ina ukungu. Namba pia hufutika. Ukungu huo hautoki tena. Hata spiriti iache, maana baadhi ya plastiki za namna hii hupata nyufa ndogo ndogo. Wembe, mchanga na majivu huikwaruza. Majivu ni ya sufuria.

Kwanza tambua ni gundi gani. Gundi nyeupe ya mbao hulainika kwa maji. Gundi ya kuzibia mpira wa baiskeli isugue kwa kidole kikavu. Itajiviringa na kutoka kama uchafu wa raba. Ikiwa ni unato wa lebo au wa utepe, paka mafuta ya kula, subiri robo saa, futa, kisha osha kwa sabuni.

Yenye ubishi ni ile ya kichupa kidogo inayoshika mara moja, supaglu. Ikiwa bado mbichi, usiifute kwa kitambaa cha pamba. Ikikutana na pamba inaweza kupata joto kali ghafla, ikakuunguza. Iache ikauke kabisa.

Ikishakauka, chukua kitambaa laini, kichovye katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, ukiweke juu ya tone. Maji yanayochemka yanaweza kupinda plastiki. Usiloweke kipimo kizima, maana utalegeza na ule ufa uliouziba. Kitambaa kikae saa kadhaa, nawe ukilowesha tena kila kinapoanza kukauka. Kisha jaribu ukingo wa tone kwa ukucha, au kwa kadi laini ya plastiki. Ukiinuka, endelea polepole. Ukikataa, rudia kesho. Tone lililo mbali na namba liache hapo hapo. Halizuii kusoma.

Je, kama namba zimekwisha kufutika? Tazama umbo la kipimo. Kama upana wa ndani ni mmoja kutoka mdomoni hadi chini, rula inatosha. Isimamishe nje, sifuri ikae usawa wa sakafu ya ndani, usome milimita. Lakini kama chini ni chembamba kuliko mdomo, rula itakudanganya. Hicho kiweke kando, umwulize bwana shamba au bibi shamba wako namna ya kupata kingine kabla mvua hazijaanza.