Dawa ya Usiku na Haki ya Kuuliza



Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku, mzazi hangoji kupambazuke. Humbeba hadi kliniki iliyo wazi, na mara nyingi hapa kwetu Uganda humkuta mhudumu mmoja wa zamu, foleni ya wagonjwa na mlango wa maabara umefungwa. Baada ya dakika chache hutoka na mfuko wa dawa, ambamo huenda mna antibiotiki, yaani kiuavijasumu. Hoja yangu ni kwamba dawa hiyo haifai kutolewa kwa sababu ya wasiwasi wa usiku tu, na kwamba raia ana haki ya kuuliza kwa nini ameandikiwa.

Antibiotiki huua bakteria; haziui virusi. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na kwa kawaida hupona bila dawa hizo. Zinapotumiwa pasipo haja, huweza kuleta kuhara, na huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha kuhusu usugu huo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Onyo lake limetimia: inakadiriwa kwamba mwaka 2019 bakteria sugu walisababisha vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani.

Simlaumu mhudumu peke yake. Usiku hana majibu ya maabara, hamjui mgonjwa, wala hana hakika ya kumwona tena kesho. Akinyima dawa na hali ikazidi, lawama ni yake. Akiitoa bila haja, hakuna amwulizaye. Nasi humsukuma. Tukitoka mikono mitupu hulalamika kuwa hatukutibiwa, na wengine huomba sindano wakidhani kwamba sindano hushinda kidonge.

Wapo watakaosema kuwa ni heri kutoa dawa kuliko kujuta. Ni kweli kwamba mtoto anayepumua kwa shida, anayeshindwa kunyonya au aliyepatwa na degedege hapaswi kucheleweshwa hata kidogo. Lakini ili huyo aokolewe, dawa lazima ziendelee kufanya kazi. Tukizitumia ovyo kwa mafua, tutazikosa siku ya nimonia.

Wenye kliniki wahakikishe kwamba vipimo vya haraka vya malaria, visivyohitaji hadubini, vinapatikana usiku kucha. Wakumbuke pia kwamba kipimo kisichoonyesha malaria si ruhusa ya kutoa antibiotiki. Tena, walinganishe kumbukumbu za dawa zinazotolewa usiku na zile za mchana. Tofauti kubwa isiyo na sababu ya kitabibu itafutiwe dawa yake.

Nasi raia tuna sehemu yetu. Mkataba wa Wagonjwa wa Uganda unatambua haki ya mgonjwa kuelezwa kuhusu ugonjwa na matibabu yake. Jifunze basi maswali haya matatu, uyatamke kwa adabu:

“Samahani daktari, unadhani ugonjwa huu umeletwa na nini?”

“Dawa hii itausaidiaje?”

“Nikiona dalili zipi nirudi mara moja?”

Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea heshima daktari. Mhudumu anayeulizwa vizuri hupata nafasi ya kueleza, na pengine maelezo hayo ndiyo tiba tuliyoihitaji usiku ule.